Daftari la Sukari

Kumi na nne nukta mbili.
Naandika kwa penseli kwenye daftari la Ramla
alilolikimbia la darasa la tatu;
ukurasa wa mbele bado una hesabu zake za kutoa,
ukikopa kumi, jirani anapungua.

Barabara ya Kumi na Mbili haijaamka.
Jiko la visheti limeshika.
Maji, sukari, hiliki:
najua shira imeiva kwa kuisikiliza,
povu likinyamaza, epua.
Miaka thelathini na moja, Ngamiani nzima,
sijamharibia mtu shira.
Hii ya mwilini mwangu ndiyo imenishinda.

Nimekunywa mlonge. Nimekunywa uwatu,
maji ya bamia zilizolala nje na nyota,
na chupa ya shemeji kutoka Pongwe,
haina jina, chungu kama deni.
Kila mlango una dawa.
Kipimo hauna.

Zahanati, foleni ya tangu alfajiri,
na yule kijana, uso hajauinua:
"Umekula nini?" kama polisi na mwizi.
Wali.
"Acha."
Muhogo?
"Punguza."
Vidonge vilevile, bahasha ileile, rudi mwezi ujao.
Mwezi ukaja, dirishani hamna dawa,
kanunue nje.
Huko nje tone moja la damu yangu
kulipima ni visheti kumi.
Basi nikawa napima Ijumaa tu,
kama mtu anayefagia kwa ajili ya wageni.

Mwezi wa tatu nikaanza kulidanganya daftari.
Saba. Saba. Saba na nusu.
Likapendeza!
Miguu haikudanganyika:
iliwaka usiku kama nimekanyaga makaa,
nikailaani, nikaimwagia maji,
halafu ikanyamaza,
nikasema alhamdulillahi, nimepona.

Ramla ndiye aliyeona sakafu.
"Bibi, unaacha alama nyekundu."
Kipande cha kifuu, unyayoni,
kimekaa sijui tangu lini,
mpangaji asiyelipa wala kubisha hodi.

Bodaboda hadi Bombo.
Bahari ilikuwa pale chini, sikuwa na haja nayo.
Nesi Shemhilu, miwani yake imefungwa uzi,
akasema neno ambalo kwa miaka tisa
sikuambiwa na yeyote mwenye koti jeupe:
"Vua viatu, mama."
Akapiga magoti.
Mbele ya muuza visheti, akapiga magoti,
akashika uzi mwembamba wa plastiki.
"Unasikia?" Nasikia.
"Na hapa?" Kwa mbali.
"Na hapa?"
Nikamtazama, nikisubiri aguse.
Alikuwa ameshagusa.

Akaomba daftari.
Akasoma saba zangu, moja moja, mpaka chini.
Nikaandaa mgongo wa kugombezwa.
"Namba hizi zimekuja kunifurahisha mimi," akasema.
"Zako umeziacha wapi?"
Nikalia kwa sauti, mbele za watu,
na kiatu changu mkononi.

Akauliza mambo ya ajabu.
Nina friji? Ninayo, umeme ndio wa kubahatisha.
Akachora nyuma ya karatasi:
chungu ndani ya chungu, mchanga katikati, maji.
Chungu changu cha mchuzi wa papa
sasa kinalaza vichupa vya sindano.
Shira unaionja? Kila sufuria.
"Hakuna ulimi mwingine nyumbani?"

Upo. Una miaka kumi na mmoja,
unaonja na kukunja uso kama kadhi.
"Bado, Bibi. Bado kidogo."
Mimi nasikiliza povu,
na jioni nakaa chini, nashika kioo,
nasoma nyayo zangu kama barua.

Kumi na nne nukta mbili.
Jana kumi na moja, juzi sikupima, nimeandika sikupima.
Haifurahishi. Nimeiacha hivyohivyo,
ukurasa mmoja na hesabu ya Ramla aliyokosa,
ile mwalimu aliyoipiga mkasi wa wino mwekundu
na pembeni, kwa mwandiko wa haraka:
rudia.